Soda kwenye Meza ya Yasinta

Dodoma, 12 Novemba 1991

Dada Mwanne, shikamoo.

Nataka kuamini kwamba huko Singida wewe, shemeji na watoto mko salama. Huku nyumbani mambo yanakwenda. Mama anakaa eda yake kwa utulivu, anakula vizuri, ila goti linamsumbua asubuhi. Mdogo wetu Khairat ameanza kushona sare za shule barazani na wateja wanamjua. Mvua bado. Kaburi la baba limejengewa wiki iliyopita, nilisimamia mwenyewe.

Sasa jambo langu. Nimeacha kunywa. Tangu tarehe mosi Septemba sijaonja kitu, na leo ni siku ya sabini na tatu. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa siwezi kumwambia mtu kwamba nimeacha bila kukiri kwanza kwamba nilikuwa nakunywa, na katika nyumba hii, unavyojua, sijawahi kunywa.

Kukaa bila pombe nikiwa peke yangu naweza. Ugumu unaanza saa tisa na nusu alasiri. Ofisi ikifungwa, chumba chetu chote cha wachora ramani kinahamia Kizota, kwenye grosari ya Yasinta, mkabala na wachomeleaji vyuma. Zamani bia ilikuwa ya mgao na kreti moja iligombaniwa. Siku hizi za ruksa, kila kitu kikiuzwa huria, anazo mpaka anazipanga ukutani kama matofali. Damas, mkuu wetu wa chumba, anagawa kazi za kesho palepale: nani aende Msalato na wapimaji, nani abaki kuchora. Asiyekuwepo mezani hupewa makombo. Kwa hiyo naenda, naagiza soda.

Nimewaambia niko kwenye dozi. Wiki ya kwanza walinipa pole. Juzi Wambura, mchoraji mwenzetu, aliuliza, "Dozi gani hiyo, ya ng'ombe?" Wakacheka, nami nikacheka.

Kinachonishangaza ni jinsi wanavyochukiza. Miaka sita nimekaa pale sikuona kitu. Sasa naona povu kwenye sharubu za Damas likikauka na kuwa ukoko. Naona Wambura akirudia kisa kilekile cha mkwe wake mara nne kwa jioni moja, na mara zote nne wanacheka mahali palepale. Meza inanata. Naangalia, nakinai, na papo hapo mate yananijaa mdomoni. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Niandikie. Mama na Khairat wanakusalimu.

Mdogo wako,
Abdulrazaki

*

Singida, 3 Desemba 1991

Mdogo wangu Razaki,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mwanangu Salwa ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka. Mashine ya alizeti ya shemeji yako imeharibika tena, na fundi amekuja mara tatu, kila mara anakula chakula cha mchana na kuondoka. Vitunguu mwaka huu vimejaa mpaka watu wanalisha mbuzi. Mkande mama goti kwa maji ya chumvi, asikudanganye kwamba limepona.

Hilo uliloliandika katikati ya barua sikulielewa. Sikumbuki uwe na kitu cha kuacha. Ulikuwa na malaria za mara kwa mara kama watu wengine wa mjini. Barua nimeichoma jikoni, watoto wangu sasa wanajua kusoma.

Nina habari ya maana zaidi. Mzee Abdulswamadu wa Kondoa, yule mwenye duka la nafaka, ameleta salamu kwa shemeji yako. Anamtaka Khairat kwa mwanawe Abdulkadiri. Kijana ametulia, hana mke mwingine, haonekani ovyo. Nimewaambia wasubiri mama atoke eda. Baba hayupo tena, kwa hiyo walii wa kumwoza ni wewe. Watakuja kukuona, na kabla ya kuja watakuulizia. Tayari mzee ameuliza kwa nini mtoto wa kiume hakushuka kaburini siku ile. Nimemjibu kama nilivyowajibu watu wote: alikuwa amelazwa.

Kwa hiyo jitunze, nyoa vizuri, na usiandike mambo.

Dada yako,
Mwanne

*

Dodoma, 9 Januari 1992

Dada Mwanne, shikamoo.

Mama ametoka eda salama. Wanawake wa mtaa walikuja, alioga, akavaa zile kanga ulizomletea. Khairat nimemdokezea habari ya Kondoa. Akauliza kijana ana urefu gani, nikasema sijui, akarudi kwenye cherehani. Nadhani amekubali.

Natoa pole kwa mashine ya shemeji. Sasa nisikilize, na ukichoma, choma baada ya kumaliza kusoma.

Unamkumbuka Elieza, yule mrefu wa Mpwapwa tuliyekuwa tunachora naye meza moja? Tarehe 18 Desemba, kwa Yasinta, aliongea habari za vyama vingi. Alisema vyama vikija, wa kwanza kwenda ndani watakuwa waliogawana viwanja. Alisema kwa sauti hiyo ya kulewa ambayo mwenyewe hajui ni kubwa. Wachomeleaji ng'ambo ya barabara walizima mashine wakasikiliza. Jumatatu yake walikuja ofisini watu wawili waliovaa suti za Kaunda, wakamchukua. Alirudi baada ya siku mbili, hakusema alikuwa wapi. Wiki iliyofuata akapewa barua ya uhamisho kwenda Mpanda.

Mtaani walisikia watu kama ishirini. Lakini pale mezani mmoja tu alikuwa na soda.

Sikuelewa mara moja. Nilipokaa pale siku moja baada ya Elieza kuchukuliwa, Wambura aliacha kisa cha mkwe wake katikati. Wakaanza kuzungumzia mvua. Watu wazima wanazungumzia mvua kwa saa mbili, Dada, wakiiangalia bilauri yangu. Yasinta ananiwekea soda kwa mikono miwili, kama anamhudumia mkuu wa polisi. Wiki ya pili Wambura akasema, akiangalia pembeni, "Wanaolipwa kusikiliza hawaruhusiwi kulewa."

Nikamwambia, "Wambura, mimi ni Mwislamu."

Akajibu, "Mwaka jana ulikuwa dini gani?"

Walicheka, na Damas akacheka. Hata mimi ningecheka. Ningewaambia kwamba mtu wa usalama akitaka kupeleleza meza ya walevi atakunywa kuliko wao na atawanunulia, lakini ukisema hivyo unaonekana unajua mno.

Tangu Krismasi sijapewa daftari la vipimo hata moja. Nachora upya ramani ya zamani ambayo hakuna aliyeiomba. Nikipita koridoni milango inafungwa. Na kuna dawa moja tu wanayoikubali, nayo inauzwa baridi. Bia moja, Dada, na sababu ninayo mkononi, nzuri kuliko sababu zote nilizowahi kujitungia. Ndiyo maana naogopa.

Ninachoomba ni hiki. Damas alikuja msibani na anakuheshimu. Mwandikie mistari miwili: ndugu yangu alikuwa mlevi, ameacha. Ikitoka kwako ataamini.

Mdogo wako,
Abdulrazaki

*

Singida, 14 Februari 1992

Mdogo wangu Razaki,

Marahaba. Barua yako imenifikia majuzi. Mvua imekata barabara, mabasi yalilala Manyoni na mifuko ya posta ikalala nayo. Tuko wazima. Salwa ameota jino moja, limepinda. Mashine imepona, fundi aliyeitengeneza ni mwingine, na yule wa kwanza bado anakuja kula.

Kondoa wanaendelea vizuri. Mzee Abdulswamadu anataka waje kuposa baada ya Idi. Mkewe ameomba kipimo cha Khairat cha kidole. Unaona tulipofika.

Razaki, hilo unaloniomba haliwezekani. Damas ananunua maharage ya watumishi wenzake Kondoa, dukani kwa nani unadhani? Nikimwandikia neno kama hilo, litafika kwa mzee kabla ya maharage. Kisha mama. Mama hajui, na nataka afe hajui. Nilisimama mlangoni mwa ua siku ile, watu wamejaa, maiti ipo ndani, nikasema ulichosikia nimesema. Sitarudi kusema nilidanganya mbele ya jeneza.

Hao watu wanataka nini? Wanataka kukuona unakunywa. Wanywee mara moja. Bilauri moja, funga macho, meza kama dawa, urudi nyumbani uombe toba. Ramadhani iko karibu, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Ukishawatuliza unarudi kwenye soda yako polepole. Wanaume wangapi wanakunywa moja na maisha yanaendelea.

Mkande mama goti.

Dada yako,
Mwanne

*

Dodoma, 6 Machi 1992

Dada Mwanne, shikamoo.

Ramadhani njema. Leo tumefunga ya pili. Mama anafunga, amekataa kusikia habari ya goti. Khairat ametuma uzi wenye kipimo cha kidole, umo ndani ya bahasha hii.

Nakueleza ya Jumatano kwa mpangilio, usije ukayasikia dukani.

Jumatano, mkesha wa mfungo, ilikuwa vunja jungu. Watu wa mjini tunakula siku hiyo kama mwezi mzima hautakuwa na chakula, na wa aina yangu tunakunywa vivyo hivyo. Wenzangu ofisini, hata Wakristo, wanaijua, kwa kuwa miaka sita mimi ndiye niliyewaongoza. Mwaka jana nilibebwa. Kwa hiyo saa tano asubuhi Damas alikuja mwenyewe mezani kwangu, mara ya kwanza tangu Desemba. Akasema, "Bwana Razaki, leo jungu linavunjwa. Leo hakuna dozi."

Nilijua nimeitwa kupimwa. Nilikwenda.

Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma na nzi wake. Damas alikaa katikati, Wambura kulia, vijana wawili wapya wa wapimaji wamesimama. Damas alinimiminia mwenyewe, akainamisha bilauri povu lisizidi, akaisukuma mbele yangu. Hakuna aliyekunywa. Walisubiri.

Nikawaambia ukweli. Niliwaambia sijawahi kuwa kwenye dozi. Niliwaambia Jumamosi ile ya Agosti nilitumwa sokoni kununua sanda ya baba, nikainunua, nikapita kwenye kilabu cha pombe ya mtama nyuma ya soko nipate bakuli moja la kujikaza. Niliamka jua limeshuka, nimelala kwenye magunia na sanda iko chini ya kichwa, imelowa matapishi yangu. Baba alikuwa ameshazikwa kwa sanda nyingine. Niliwaambia pia kwamba sikuacha siku hiyo. Nilikunywa wiki nzima baada ya hapo, kwa huzuni, hivyo ndivyo nilivyoiita. Tarehe mosi Septemba niliacha kwa sababu nilijinusa.

Damas hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Akasema taratibu, "Mimi nilikuwepo. Nilibeba jeneza mpaka makaburini. Dada yako alisimama mlangoni akatuambia umelazwa, malaria imepanda kichwani. Yule ni mtu wa swala. Sasa nimwamini yeye, au nikuamini wewe?"

Wambura akasema, "Wakubwa zake wamemtungia nzuri. Ina mpaka sanda ndani."

Hapo ndipo walipocheka. Damas akagonga meza kwa kidole mbele ya bilauri. "Kunywa tu, ndugu yangu. Maneno ya nini."

Niliichukua. Sitakuficha. Niliipandisha mpaka povu likanigusa sharubu. Lilikuwa baridi na lilikuwa na utamu ule ule, na nilijua kwamba nikimeza kila kitu kitarudi: daftari la vipimo, kisa cha mkwe, mkono wa Damas begani. Sikukumbuka dini wala baba. Nilikumbuka sentensi yako, meza kama dawa. Ndiyo sentensi niliyojiambia mlangoni mwa kilabu, neno kwa neno, na sanda ikiwa kwapani. Niliona kinyaa, na kinyaa chenyewe hakikuwa cha bia.

Niliirudisha mezani, nikaondoka. Sharubu nimezinyoa.

Sasa kazini nimeshakwisha. Nasema ukweli naonekana mwongo, kwa sababu uongo wako ulisemwa kwanza, na umesemwa na mtu mwema. Mwezi huu nina ruhusa ya kutokunywa, hakuna atakayeniuliza. Siku ya Idi ruhusa inakwisha, na sijui kama nina nguvu ya kuinua bilauri mara ya pili na kuishusha.

Usinijibu kama una ushauri.

Abdulrazaki

*

Singida, 22 Machi 1992

Ndugu yangu Razaki,

Sina ushauri.

Salamu zote nitaziandika siku nyingine. Watoto wazima.

Ile sanda ulirudi nayo kwapani usiku ule. Niliipokea mimi, mama alikuwa amezungukwa na watu chumbani. Niliifua mara tatu. Kilikuwa kitambaa kizuri cha pamba na niliona vibaya kukitupa, kwa hiyo nilikuja nacho Singida nikakata foronya nne. Wageni wangu wamezilalia miezi saba. Nilipata barua yako Jumanne, nikaenda chumba cha wageni, nikazitazama zimetandikwa zimenyooshwa. Nilitapika, Razaki, nikiwa na funga. Nimezichoma. Nimeelewa ni mtu wa namna gani anayekuambia funga macho umeze.

Nilimwambia shemeji yako kwanza. Kisha tulipanda gari la alizeti mpaka Kondoa. Mzee Abdulswamadu alinisikiliza barazani, mkewe nyuma ya pazia. Nilisema yote, pamoja na la kwangu la mlangoni. Kisha akasema kijana wake anaweza kusubiri, lakini yeye hataweka mkono wake katika mkono wa walii asiyemjua. Wanataka kuona mwaka mzima. Kama mpaka Septemba hujarudi kule kwenye pombe, watakuja. Ukirudi, hawaji, na itakuwa kana kwamba hatujaonana. Mkewe hakutoka kuniaga.

Mwambie Khairat. Nimeanza barua yake mara mbili, nimeshindwa.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili ya kumpa Damas. Nimeandika kwamba nilimdanganya mlangoni, kwamba hukuwa hospitali, ulikuwa umelewa, na kwamba habari ya sanda ni ya kweli. Nimeweka sahihi na jina la baba. Mpe au usimpe. Ila mama asiione.

Mwanne

*

Dodoma, 7 Aprili 1992

Dada Mwanne, shikamoo.

Idi njema kwako, shemeji na watoto. Tuliswali uwanjani, mama alipika pilau, wageni walikuwa wengi.

Khairat nilimwambia siku ya ishirini na tano ya mfungo. Alishona mpaka mwisho wa pindo bila kuinua macho. Kisha akasema, "Kumbe mume wangu yumo ndani ya chupa yako." Tangu siku hiyo ananipokea mlangoni kila jioni, anasimama karibu, ananisalimu mara mbili. Najua anachofanya, namwacha afanye.

Jana Jumatatu nilimpelekea Damas karatasi yako. Nilitaka kumpa ofisini. Akasema, "Lete kwa Yasinta, mambo kama haya hayasomwi kwenye meza ya serikali." Nilikosea kukubali.

Aliisoma kimya, midomo ikitembea. Alipomaliza aliniangalia na macho yake yalilainika kabisa. Ameamini, Dada. Kila neno. Kisha akampa Wambura, bila kuniuliza. Wambura akasoma kwa sauti, vijana wakasogea, na Yasinta akaacha kufuta bilauri akaja kusikiliza. Alipofika kwenye sanda, kijana mmoja alicheka mpaka akashika nguzo. Wambura akafuta machozi, akasema, "Haiwezekani huyu awe usalama. Wale hawachukui walevi." Damas akanishika bega. Akasema nimeteseka bure, ningesema mapema, na kesho daftari la Msalato ni langu. Nilingoja miezi minne kusikia hivyo.

Kisha akamwambia Yasinta, "Mletee ndugu yetu moja, amerudi nyumbani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Walikuwa wameshika karatasi inayosema kwamba pombe ilinifanya nilalie sanda ya baba yangu, wameiamini, na kwa sababu wameiamini wananinunulia pombe. Hawakuwa na ubaya wowote. Wambura aliifungua mwenyewe kwa meno, kizibo akakitema chini. Karatasi yako ilikuwa mezani, chupa imewekwa juu yake.

Siku ya vunja jungu walitaka nishindwe, na hiyo ilinisaidia. Jana walinipenda. Nakuambia wewe peke yako: sijawahi kuitaka kama jana. Nilikaa nayo muda ambao ningeweza kuinywa mara tatu. Nilimwangalia Damas akipangusa sharubu kwa kiganja na kukipangusa kiganja kwenye shati, na mkono huo huo akaurudisha begani kwangu, umelowa. Nikajikuta nimesimama.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Hujagusa."

Nikasema, "Sinywi, Damas. Ndicho inachosema hiyo karatasi."

"Moja tu. Ya kukaribishwa."

Nikainua chupa, nikachukua karatasi, nikairudisha chupa mahali pake. Wambura akasema nimeanza tena. Hakuna aliyeinuka. Nilipofika barabarani niliwasikia wakigombania nani anywe yangu. Leo asubuhi daftari la Msalato lilikuwa mezani kwa kijana yule wa nguzo. Nimemwandikia Damas ombi la kutoka chumbani, nikavute mnyororo wa kupimia na wapimaji porini. Ni kushuka ngazi mbili. Atakubali, haraka.

Jana nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Khairat alikuwa amekwenda kupeleka sare. Mama alikuwa barazani na chai yake, peke yake. Nilipoinama kumsalimu, alinishika shati kifuani akanivuta, akaninusa taratibu, begani, shingoni, mdomoni, kama mtu anayejua anachotafuta. Nilikwisha. Karatasi yako ilikuwa mfukoni na nilijua inanuka, na bega langu lilikuwa na kiganja cha Damas.

Akaniachia. Akasema, "Nje tu. Harufu hii ni ya watu."

Kisha akanisogezea kigoda, akanimiminia chai.

Mdogo wako,
Abdulrazaki